Nyembe za Marehemu Babu

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu kuna kasha la kale, na ndani ya kasha kuna bati ambalo hakuna ajuaye vyema lina nini. Katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, bati hilo lilikuwa la biskuti, limefungwa kwa kamba ya katani. Hatukulifungua mpaka marehemu babu yetu alipofariki, ikatulazimu kuorodhesha kila alichokiacha. Ndani yake mlikuwa na nyembe tatu za kukunja zilizoviringwa katika kipande cha shuka, kinoo kidogo chenye rangi mbili, manjano upande mmoja na samawati ya kijivu upande wa pili, na ukanda mpana wa ngozi uliokauka kama gome la mti.

Tunaandika makala haya kwa kuwa tunajua hatuko peke yetu. Ziko familia zilizozitupa nyembe kama hizi pamoja na vyuma vikuukuu, na ziko zilizoziuza kwa wachuuzi kwa shilingi chache. Ziko pia zilizofanya kama tulivyofanya sisi, nalo ni kosa ambalo hatupendi lirudiwe na msomaji wetu.

Kosa letu

Nyembe zilikuwa zimeshika kutu. Hewa ya bahari haisamehi chuma, na bati lile lilikaa miaka mingi bila ya kufunguliwa. Kwa nia njema tukachukua msasa wa seremala, tukausugua wembe wa kwanza mpaka ukang'ara kama kioo. Tulifurahi. Tukauweka juu ya meza ili ami na shangazi zetu wauone watakapokuja kwa hesabu ya mirathi.

Aliyekuja kwanza ni mjomba wa mama, mzee aliyefanya kazi ya kinyozi tangu ujanani hata macho yake yalipopungua nguvu. Tulimwamkia, akaitikia, akauchukua ule wembe, akaugeuza polepole chini ya mwanga wa dirisha.

"Jina lake liko wapi, wanangu?"

Hatukuelewa. Akatuonyesha shina la wembe, ile sehemu nene iliyo baina ya bapa na kipini. Hapo ndipo mfuaji hupiga muhuri wa jina lake na mji wake. Kwenye wembe wetu palikuwa patupu, pamelainika. Tulikuwa tumefuta kwa dakika chache alama iliyokuwapo kabla ya kuzaliwa sisi, na pamoja nayo tumeondoa sehemu kubwa ya thamani yake. Wala wembe ule haukuwa mali yetu peke yetu. Ulikuwa mali ya marehemu iliyokwisha kuhamia kwa warithi wake, nao ni bibi yetu, watoto wake wa kiume wawili na wa kike watatu.

Mjomba hakutukemea. Alisema tu kwamba kutu nyekundu ya juu juu huondolewa kwa kitambaa laini na mafuta ya cherehani, kwa subira, siku mbili tatu ikibidi. Doa jeusi lililoingia ndani ya chuma huachwa lilivyo, maadamu halijafika kwenye makali. Likifika kwenye makali, wembe huo si wa kunyolea tena, ni wa kuwekwa kwa kumbukumbu.

Alama zinavyosomeka

Nyembe mbili zilizobakia zilikuwa bado na alama zake, na hapo tukaanza kujifunza.

Wembe wa pili ulikuwa mzito, wenye kipini cheusi cha pembe ya mnyama, na juu yake palichorwa nyota na msalaba. Hiyo ni alama ya Joseph Rodgers & Sons wa Sheffield, Uingereza. Sheffield ulikuwa mji wa visu na nyembe kwa karne nyingi, na sifa yake ilizidi baada ya fundi wa saa Benjamin Huntsman, katika miaka ya 1740, kugundua namna ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo. Chuma kilichotoka humo kilikuwa sawasawa ndani na nje, nacho hushika makali kuliko kile cha zamani. Kwenye wembe wetu mliandikwa pia kwamba wafuaji hao ni mafundi wa Malkia. Malkia wa zama hizo ni Victoria, aliyetawala tangu 1837 hadi 1901.

Wembe wa tatu ulikuwa mwepesi, wenye kipini cheupe, nao uliandikwa Solingen, Germany. Solingen ni mji wa Ujerumani uliosifika kwa panga na visu tangu zama za kati. Mafundi wake walipata umaarufu kwa kuchonga bapa la wembe kwa magurudumu madogo ya mawe, mpaka ubavu wake ukabonyea pande zote mbili na makali yakawa membamba kama ukucha. Ukiyagusa kwa upole kwa ncha ya kidole, wembe wa namna hiyo hulia kwa sauti nyembamba. Mjomba aliugusa, ukalia, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

Kuandikwa au kutoandikwa kwa jina la nchi pia ni dalili. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa za kigeni zitiwe jina la nchi zilikotoka, na tangu 1891 viwanda vingi vya Ulaya vikaanza kupiga muhuri huo. Kwa hiyo wembe wenye jina la mji bila ya jina la nchi huenda ukawa wa kabla ya hapo. Hii ni dalili tu, wala si ushahidi wa kukata shauri, kwani wako waliochelewa na wako waliotangulia.

Kipini cheupe

Shida kubwa haikuwa umri wa nyembe. Ilikuwa kile kipini cheupe cha wembe wa Solingen. Ami alipokiona, uso wake ulibadilika. "Hii isiwe pembe ya ndovu," alisema, na sote tukanyamaza.

Msomaji anajua sababu. Katika karne ya 19, Unguja ilikuwa soko kubwa la pembe za ndovu, na Mombasa nayo ilikuwa na sehemu yake. Misafara iliteremka kutoka bara, watu wamebeba pembe mabegani, na baadhi ya waliozibeba hawakuwa na hiari. Kutoka huku pembe zilisafirishwa Bombay, London na Marekani, zikafanywa funguo za piano, vitana na vipini vya visu na vya nyembe. Mafundi wa Sheffield walikuwa miongoni mwa watumiaji wake wakubwa. Si ajabu basi pembe iliyotoka pwani hii irudi pwani hii ikiwa kipini cha wembe.

Lakini zama zimebadilika. Biashara ya pembe za ndovu baina ya mataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989, na mwaka huo huo Kenya ikateketeza tani 12 za pembe mbele ya macho ya dunia. Mwaka 2016 zikateketezwa zaidi ya tani 100. Kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, kuwa na pembe ya ndovu bila ya kibali ni kosa lenye adhabu nzito, nayo sheria haisemi kuwa kitu cha babu kimesamehewa. Ikiwa kipini kile kilikuwa pembe, basi hakingeuzwa wala kugawiwa, na ingetubidi tuwaarifu maofisa wa KWS na kuwakabidhi.

Tulitafuta namna ya kujua. Pembe ya ndovu, ikitazamwa mahali ilipokatwa, huwa na mistari iliyopinda inayokatana kama nyavu. Mfupa huwa na vitundu vidogo vyeusi. Seluloidi, ambayo ni plastiki ya kale iliyobuniwa na John Wesley Hyatt wa Marekani kiasi cha mwaka 1870 alipokuwa akitafuta badala ya pembe, mara nyingi huwa na mistari iliyonyooka, iliyolingana mno, kama iliyopigwa rula. Wako wanaochoma kipini kwa sindano ya moto ili wajue. Msomaji asijaribu: seluloidi hushika moto upesi sana.

Mjomba alichukua kitambaa cha pamba, akakisugua kipini kwa nguvu mpaka kikapata joto, akakileta puani. Kisha akampa mama, na mama akatupa sisi. Harufu ilikuwa ya kafuri. Seluloidi hutengenezwa kwa kafuri, na harufu hiyo hukaa ndani yake miaka na miaka. Ilikuwa harufu ile ile iliyokuwa ndani ya nyumba yetu siku alipooshwa babu. Kwa muda hakuna aliyesema neno. Kisha ami akashusha pumzi, akasema, "Alhamdulillahi."

Kuna faida nyingine ya kuijua seluloidi. Inapozeeka huweza kuoza, na inapooza hutoa mvuke unaokula chuma, si cha wembe wake tu bali hata cha jirani zake. Kwa sababu hiyo wembe wenye kipini cha namna hii hauwekwi pamoja na wengine ndani ya chombo kilichozibwa. Kwa kuwafunga watatu pamoja katika bati, babu, Mungu amrehemu, alikuwa amewapa ugonjwa wa mmoja wao.

Jinsi wembe unavyonolewa

Tulimwomba mjomba atufundishe kabla elimu hii haijaondoka naye. Alikubali, kwa sharti kwamba watoto wadogo wasiwemo chumbani. Wahenga walisema mwana akililia wembe mpe, lakini mjomba alituambia kwamba wahenga hao hawakuwa vinyozi.

Kinoo cha babu ni cha Ubelgiji, kutoka milima ya Ardennes, na upande wake wa manjano una chembe ndogo mno za jiwe gumu la ghanati. Hutiwa maji, si mafuta. Wembe hulazwa juu yake ubapa kabisa, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja. Hapo ndipo ilipo hekima ya waliouunda: unene wa mgongo ndio unaopima mwinamo wa makali, hivyo mkono hauhitaji kukisia kama unavyokisia kwa kisu cha jikoni. Wembe husukumwa makali yakitangulia, kwa uzito wake mwenyewe, kisha hugeuzwa juu ya mgongo wake na kurudishwa kwa upande wa pili. Ukigeuzwa juu ya makali, umeharibika.

Wembe uliopoteza makali kabisa huanzia kwenye kinoo cha kukwaruza, na siku hizi wanaotumia vinoo vya kiwandani huanza na namba 1000, wakapanda 4000, 8000 na hata 12000. Wembe uliochoka kidogo tu hutosheka na kinoo laini. Baada ya jiwe huja ukanda wa ngozi, na hapa mwendo hugeuka: mgongo hutangulia na makali hufuata. Asiyekumbuka hili huukata ukanda, nasi tuliukata, mahali pawili. Mipito 50 au 60 hutosha, na ukanda hutumika kila kabla ya kunyoa. Kinoo chenyewe huweza kungoja miezi.

Mjomba alinoa kwa muda wa saa nzima akizungumza polepole. Alipomaliza, alipitisha wembe juu ya mkono wake bila ya kugusa ngozi, na malaika yakaanguka. Tulimwuliza anayanyoaje mashavu ya mtu bila ya kumkata. Akajibu kwamba ngozi huvutwa kwa mkono mwingine mpaka inyooke, wembe hushikwa kwa mwinamo wa kiasi cha digrii 30, nywele hulainishwa kwanza kwa maji ya moto na povu la sabuni, na mtu hufuata nywele zinakoelekea. Mwenye haraka aende kwa kinyozi.

Hapa yafaa tuseme neno. Hatuandiki ili kumhimiza mtu anyoe ndevu zake. Wanavyuoni wamelieleza jambo hilo, na kila nyumba ina mwalimu wake wa kuuliza. Wengi miongoni mwa wazee wetu walifuga ndevu na wembe wakautumia kichwani, shingoni, na kusawazisha mipaka ya mashavu. Babu alikuwa mmoja wao.

Siku ya saba

Bibi alikuwa bado yumo katika eda tulipojaaliwa mtoto wa kiume katika nyumba, kitukuu cha kwanza kuzaliwa baada ya msiba. Siku ya saba ilipokaribia, siku ya akika na ya kunyoa nywele ambazo uzito wake hutolewa sadaka kwa thamani ya fedha, bibi aliomba jambo moja. Alitaka mtoto anyolewe kwa wembe wa Sheffield. Kwa wembe ule, alisema, babu alinyolewa na baba yake, na kwa wembe ule watoto wake wote watano walinyolewa.

Mama wa mtoto ni msichana wa miaka 22. Alikaa kimya siku nzima. Usiku alikwenda kwa bibi, akapiga magoti mbele yake.

"Bibi, niwie radhi. Mimi naogopa."

Hakuwa na kosa. Wembe ambao umepita juu ya vichwa vingi huweza kubeba damu isiyoonekana, na katika damu kuna homa ya ini na kuna Ukimwi. Kipini cha pembe hakiwezi kuchemshwa, kwani hupinda na kupasuka, na chini ya kipini, mahali pa msumari, hakuna mkono ufikao kusafisha. Kwa ajili hiyo vinyozi wetu waliziacha nyembe hizi, wakashika zile za kukunja zinazotiwa kipande kipya cha wembe kwa kila mteja. Tangu King C. Gillette alipopewa hataza ya wembe wake wa kutupwa mwaka 1904, wembe mpya umekuwa kitu cha senti chache. Wembe wa kale ni wa mtu mmoja tu, na mtu huyo si mtoto wa siku saba ambaye utosi wake bado haujafunga.

Bibi alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu. Kisha akamwinua, akasema kwamba hata yeye, alipozaliwa mtoto wake wa kwanza, aliogopa, lakini hakuwa na mtu wa kumwambia.

Siku ya saba mjomba alimnyoa mtoto kwa wembe mpya uliotolewa katika karatasi yake mbele ya mama. Mkono wake haukutetemeka. Wembe wa Sheffield uliwekwa karibu, juu ya sinia, umenolewa na kupakwa mafuta, na bibi aliutazama mpaka kazi ikaisha. Nywele zilipimwa, na sadaka ikatolewa.

Mgawanyo

Hesabu ya mirathi ilipofika kwenye nyembe, tuliwaeleza warithi wote yale tuliyoyafanya kwa msasa, tukawaomba radhi, tukajitolea kulipa upungufu. Walitusamehe mmoja mmoja, na shangazi mdogo alicheka mpaka akatokwa na machozi. Nyembe zilikadiriwa pamoja na vitu vingine vya nyumbani, kisha warithi wakaridhiana kwamba ule wa Sheffield uhesabiwe katika thumni ya bibi, kwa kuwa ndivyo alivyopenda. Ule wa Solingen aliuchukua ami, naye hunyolea kichwa kila Alhamisi usiku. Ule tulioufuta jina haukutakiwa na mtu, tukapewa sisi.

Kwa msomaji atakayefungua bati la namna hii, tunamwachia maneno machache. Asisugue kitu kabla ya kusoma maandishi yake, wala asigawe wala kuuza kabla ya kujua kipini ni cha kitu gani. Akitaka kuutumia wembe, autumie yeye peke yake, aukaushe kila baada ya kunyoa, aupake mafuta ya cherehani, na asiuache msalani penye unyevu. Wenye vipini vya pembe wavikague mara kwa mara, kwani wako wadudu wanaovila. Kisha amtafute mzee ajuaye kazi hii akiwa bado yuko hai.

Wembe wetu usio na jina tunaunoa kila mwezi, kwa ajili ya mazoezi. Ukanda umekwisha kukatika mahali pa tatu. Mwenyezi Mungu amrehemu babu yetu, ampe umri mjomba wetu, na awakuze watoto wetu katika afya na dini. Amin.